Mradi wa Mtoto Si Kazi ya Fundi

Muhula huu malalamiko yanayoletwa ofisini kwetu hapa Kisumu yameongezeka, na mengi yanahusu alama za miradi ya Gredi ya 7 na ya 8. Mzazi anauliza kwa nini mwanawe ameandikiwa "anakaribia matarajio" ilhali kazi aliyopeleka shuleni inang'aa kuliko za wenzake wote. Mimi ni afisa wa ubora na viwango vya elimu, na kazi hizo huwa naziona kwa macho yangu.

Juzi nilikuwa katika shule moja, mvulana akaleta kigoda. Miguu imekerezwa kwa mashine na vanishi bado inanata vidoleni. Mwalimu akamuuliza ameunganisha vipi miguu na kikalio. Mvulana akatazama dari. Akaulizwa ametumia mbao za mti gani. "Fundi hakuniambia." Darasa zima likaangua kicheko. Baadaye nilisikia kwamba baba yake alikuwa amemlipa fundi wa jua kali shilingi 800.

Siku hiyo hiyo msichana mmoja alileta omena katika mkebe wa mafuta ya kupikia. Alikuwa amezianika juu ya kipande cha wavu mkuukuu, akaandika kila siku alichokiona. Siku ya pili mvua ilinyesha, nyingine zikaanza kunuka, akazitupa na kueleza kwa nini zimeharibika. Mama yake huuza samaki kwenye ufuo wa Dunga na hakupata kusoma sana. Alichofanya ni kumuuliza binti kila jioni, "Leo umeona nini?" Huyo ndiye aliyezidi matarajio, omena zilizoharibika na zote.

Mwalimu hapimi vanishi. Anapima kama mtoto amepanga, amejaribu, amekosea na amejirekebisha. Kwa hiyo ile kauli kwamba mtaala wa umilisi, yaani CBC, ni wa matajiri, nimeisikia tangu ulipoanza kutumika kote nchini Januari 2019, na kusema kweli imenichosha. Hakuna mahali mtaala unapodai karatasi za rangi kutoka saiba. Mwalimu akidai, muulize kwa upole kama kifaa kinachopatikana nyumbani hakitoshi.

Sasa kuhusu alama zenyewe. Matokeo ya mwisho wa Sekondari Msingi yana sehemu tatu: tathmini ya Gredi ya 6, yaani KPSEA, asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8, miradi hii ikiwemo, asilimia 20, na mtihani wa Gredi ya 9, yaani KJSEA, asilimia 60. Tathmini za shuleni hutayarishwa na Baraza la Mitihani, KNEC, na kuwekwa kwenye tovuti yake. Shule huzipakua, mwalimu husimamia na kusahihisha kwa kufuata mwongozo, kisha alama hurudishwa kwenye tovuti hiyo hiyo kabla ya muda kwisha. Hakuna hatua ambapo mzazi anaitwa kujadiliana kuhusu alama. Wazazi wengi walikuja kuelewa uzito wa hiyo asilimia 20 ya tathmini za shuleni Desemba 2025, matokeo ya kwanza ya KJSEA yalipotoka na watoto kuanza kupangiwa Gredi ya 10. Wakati huo alama zilikuwa zimeshaingia zamani.

Malalamiko mengine ni ya michango. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 haikatazi kila mchango. Inataka idhini ya Waziri baada ya kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti, na inataka risiti rasmi. Mtoto hawezi kufukuzwa shuleni kwa sababu mchango huo haujalipwa. Lakini nikikuuliza risiti unanionyesha ujumbe wa M-Pesa uliotumwa kwa simu ya mtu binafsi. Huo siwezi kuushughulikia kama malipo ya shule.

Tuisheni ya likizo pia imepigwa marufuku na sheria hiyo: faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Wanaoomba ianzishwe mara nyingi ni wazazi wenyewe.

Na kwa mzazi ambaye mtoto wake anashinda ufuoni au kwenye kituo cha boda boda saa za masomo: Bodi ya Elimu ya Kaunti hukuandikia ilani kwanza. Ukiipuuza bila sababu ya msingi, hilo ni kosa, na adhabu yake ni sawa na ile ya tuisheni. Sisemi haya kumtisha mtu. Mara nyingi chifu na mwalimu mkuu humaliza jambo hilo chini ya mti, na sisi tungependa liishie hapo.

Ukiwa na lalamiko kuhusu alama, anza kwa mwalimu wa somo, kisha mwalimu mkuu, halafu ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Beba faili ya kazi za mtoto; bila hiyo tutabaki kubishana tu. Na tafadhali njoo na mtoto mwenyewe, kwa sababu swali la kwanza nitamuuliza yeye.