Je, wajua? Mume Monte Cassino, mke Tengeru

Ukitoka Arusha kwa barabara ya Moshi, kabla hujafika Usa River, utapita Tengeru. Karibu na Ziwa Duluti kuna makaburi yapatayo 150 yenye misalaba na majina ya Kipolandi. Wengi waliolala pale walikimbizwa huku na Vita Kuu ya Pili pamoja na wanawake na watoto wapatao 5,000, huku waume, baba na kaka za wengi wao wakipigana upande wa Mwingereza. Lakini Mpolandi na Mwingereza walikutania wapi?

Tuanzie Septemba 1939. Tarehe 1 Hitler aliivamia Poland kutoka magharibi. Tarehe 17 Stalin, mtawala wa Urusi ya Kisovieti, akaingia kutoka mashariki. Wakaigawana. Wapolandi wa mashariki, mamia ya maelfu, wakapakiwa kwenye mabehewa ya mizigo hadi Siberia na Kazakhstan. Maofisa na wafungwa wengine wapatao 22,000 waliuawa mwaka 1940, wengi wao kwa risasi ya kisogoni. Mauaji hayo hujulikana kwa jina la msitu wa Katyn.

Juni 1941 Hitler akamgeuka Stalin, na mambo yakapinduka. Sasa Stalin alihitaji kila mwenye mkono wa kushika bunduki, akatangaza "msamaha" kwa Wapolandi. Msamaha wa kosa gani, hakusema. Jenerali Władysław Anders alitolewa gereza la Lubyanka, Moscow, akaambiwa aunde jeshi. Watu wakaanza kumfuata kutoka makambini, wengine wakiwa mifupa mitupu, na familia nyuma yao. Chakula cha kambi kilihesabiwa kwa idadi ya askari, kisha kikapunguzwa tena. Askari wakawa wanamegeana na watoto.

Mwaka 1942 Anders akawavusha Bahari ya Kaspi hadi Iran, watu kama 115,000. Hapo ndipo njia zilipoachana: askari wakaingia chini ya Mwingereza, huko Iraq na Palestina, raia wengi wakasafirishwa hadi makoloni yake: Tengeru, Masindi kule Uganda, Ifunda, Kidugala na kwingineko.

Huko Iran askari walimnunua mtoto wa dubu, wakamlea kwa maziwa kwenye chupa, wakampa jina Wojtek. Walipotaka kuvuka kwenda Italia, wakamwandikisha jeshini rasmi. Nembo ya kikosi chake ikawa dubu aliyebeba kombora.

Italia ndiko walikopata jina. Kilima cha Monte Cassino, chenye monasteri juu yake, kiliziba njia ya kwenda Roma, na mashambulizi matatu ya Washirika, yaani Mwingereza, Mmarekani na wenzao, yalikuwa yamekwama. Usiku wa kuamkia 12 Mei 1944 Wapolandi walipanda, wakarudishwa kwa hasara kubwa. Tarehe 17 wakapanda tena. Asubuhi ya tarehe 18 bendera yao ilipepea juu ya vifusi. Zaidi ya 900 walikufa.

Kinachoniuma mimi ni tarehe. Miezi mitano hivi kabla ya hapo, kwenye mkutano wa Tehran, Churchill wa Uingereza na Roosevelt wa Marekani walikuwa wameshakubaliana na Stalin kimsingi kwamba mashariki ya Poland ibaki kwake. Yaani wengi waliopanda kile kilima walikuwa wakipigania njia ya kurudi vijiji vilivyokwisha kugawiwa. Mkutano wao wa Yalta, Februari 1945, ukalithibitisha hilo. Anders alitaka kuwaondoa askari wake vitani. Mwishowe wakaendelea, wakaingia Bologna mwezi Aprili.

Vita vilipoisha, wengi walikataa kurudi chini ya Stalin. Walihamia Uingereza, na familia nyingi za Tengeru zikawafuata huko. Anders mwenyewe alivuliwa uraia na serikali mpya ya Poland mwaka 1946. Alifia London tarehe 12 Mei 1970, akazikwa Monte Cassino katikati ya askari wake, penye maandishi yasemayo kwamba walimpa Mungu roho zao, ardhi ya Italia miili yao, na Poland mioyo yao.