Vidonge vya iodini si kinga dhidi ya mionzi yote

Kwa miaka mingi watu wengi wameamini kwamba kitu cha kwanza kuwekwa katika mfuko wa dharura ya nyuklia ni vidonge vya iodidi ya potasiamu, kana kwamba anayevimeza hawezi tena kudhuriwa na mionzi. Imani hiyo ni ya hatari, kwa sababu vidonge hivyo hukinga kiungo kimoja tu, yaani tezi ya thairoidi iliyo shingoni, ambayo ikishajaa iodini salama haifyonzi kwa wingi ile yenye mionzi. Havizuii mionzi inayopenya mwilini kutoka kwenye vumbi lenye mionzi lililotua nje baada ya mlipuko, wala havisaidii lolote dhidi ya seziamu-137, aina nyingine ya kemikali yenye mionzi. Vina manufaa yake, hasa kwa watoto na wajawazito, lakini vimezwe pale tu mamlaka za afya zinapoelekeza.

Kinachookoa maisha zaidi ni kuta nene na muda. Zikipita saa 7 tangu mlipuko, mionzi ya vumbi la bomu la nyuklia hubaki takriban sehemu 1 ya 10 ya ile ya saa ya kwanza, na baada ya saa 49, sehemu 1 ya 100. Kwa hiyo mfuko unaofaa ni ule unaomwezesha mtu kukaa katikati ya jengo, au chini ya ardhi, kwa angalau saa 24 bila kutoka: maji yaliyofungwa, chakula kisichohitaji kupikwa, dawa za kila siku, tochi, na redio ya betri. Nguo za kubadilisha, ambazo wengi huzisahau, ni muhimu mno, kwani kuvua nguo za nje kwaweza kuondoa hadi asilimia 90 ya vumbi hilo mwilini.