Je, wajua kwa nini stuli ya mbao kuukuu na jinzi ya mtumba hailegei?

Stuli yangu ya kwanza niliitengeneza kwa mbao mpya ya paina niliyoinunua Mafinga, ikinuka utomvu bado. Haikumaliza miezi mitatu, miguu ikawa inacheza kama jino la mtoto. Ya pili niliiunga kwa mbao za paleti kuukuu, yale majukwaa ya kupangia mizigo, na pa kukalia nikasuka kwa tepe za jinzi za mtumba kutoka soko la Mwanjelwa, Mbeya. Huu mwaka wa nne, bado imekaza.

Sababu ni moja: mbao ile na kitambaa kile vilishapungua kabla havijanifikia.

Paina iliyoangushwa leo Sao Hill, lile shamba kubwa la miti la serikali wilayani Mufindi, imejaa maji, na maji hayo yanaweza kuzidi uzito wa mti wenyewe ukishakauka. Yaliyo katika vijitundu vya mti hutoka kwanza, na hapo mbao huwa nyepesi tu. Shughuli huanza unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi, maji yaliyo kwenye kuta za vijitundu yanapoondoka. Ndipo mbao hunywea, yaani hupungua, tena si sawasawa: kwa urefu karibu hainywei, lakini kwa kufuata duara za mti hunywea takriban mara mbili ya inavyonywea kutoka moyoni kwenda kwenye gome. Ndiyo maana ubao mbichi hupinda. Mguu wa stuli nao hukonda, ukaacha nafasi ndani ya tundu lake.

Mbao ya paleti imeshayapitia hayo. Ukungu wa Mufindi utaivimbisha kidogo, ndiyo, ila si kama ile mbichi. Tafuta tu muhuri wa HT: maana yake mbao ilipashwa moto hadi nyuzijoto 56 za Selsiasi kwa dakika 30 kuua wadudu. Yenye MB ilifukizwa dawa ya sumu, iache hukohuko. Na ng'oa misumari yote kabla ya kushika randa, maana mmoja tu uliojificha unaharibu makali.

Jinzi nayo ni hivyohivyo. Kiwandani uzi wa pamba hufumwa ukiwa umevutwa. Ukiloa unavimba, mvuto unalegea, na nguo inarudi, yaani inapungua, hasa katika mafuo ya mwanzo. Ya mtumba ilishamaliza kupungua huko ilikotoka.

Kata tepe za vidole vitatu kwa kufuata urefu wa mguu wa suruali, kamwe si kwa kuukata mguu upana. Tazama ukingo uliokatwa: nyuzi za bluu ndizo zinazokwenda kwa urefu, nazo ndizo imara, zile nyeupe hupita upana. Ukiwa sokoni, vuta kitambaa kwa mikono miwili. Kikinyumbuka kama mpira, kirudishe kwenye rundo. Pa kukalia patabonyea mapema.