"Daktari, baba ni kifua tu"

Nimeisikia tena juzi, safari hii kwa kijana aliyemleta mzee wake kutoka Tandahimba: "Daktari, baba ni kifua tu. Hayo mengine ni uzee." Hayo mengine ni miguu iliyovimba, kulala ameketi, na kuacha kwenda msikitini tangu msimu wa korosho uliopita.

COPD, ugonjwa sugu wa mapafu unaoziba njia za hewa, ni nadra kuja peke yake. Moyo kushindwa, presha, sukari, mifupa kudhoofu, upungufu wa damu, sonona: huandamana nayo, na vingi kati ya hivyo humfanya mtu atwete au achoke bila inhela kumsaidia. Predinisoloni, ile steroidi ya vidonge ya duka la dawa, ikimezwa mwezi baada ya mwezi, hupandisha sukari na kula mifupa. Nimeshalisema hili mara nyingi.

Linaloniudhi ni kuabudu namba ya spairometa, kipimo cha kupuliza cha mapafu. Nina wagonjwa wawili wenye FEV1 (hewa anayoitoa mtu kwa nguvu katika sekunde ya kwanza) karibu sawa, asilimia 45 ya inayotarajiwa. Mmoja bado anapalilia mikorosho yake, polepole. Mwingine, mama wa Newala, alikuwa havuki ua wa nyumba yake. Mapafu sawa! Tulipoacha kumpulizisha tukamuuliza, tukakuta damu yake ni 8, yaani pungufu, na tangu amzike mumewe halali. Tumetibu damu, tumezungumza naye sana. Namba haikusogea hata kidogo, ila sokoni anakwenda.

Dodoso la CAT, la kupima COPD inavyomwelemea mgonjwa, lina maswali 8, alama 0 hadi 40; zikiwa nyingi, hali ni mbaya zaidi. Moja linataja kupanda kilima au ngazi. Ngazi zipi kijijini? Mimi huuliza: "Ukipanda kutoka bondeni, unasimama mara ngapi?" Jingine linahusu kutoka nyumbani bila hofu, hapo wengi hunyamaza. Nakiri kuna mahali hunishinda: usingizi na uchovu vimo kwenye dodoso hili na vimo pia kwenye sonona. Alama zikipanda, mara nyingi siwezi kusema ni kipi kimezipandisha. Natibu vyote.

Nanyi madaktari wenzangu, moyo ulioshindwa haunyimwi bisoprololi, dawa ya moyo ya kundi la beta-bloka, eti kwa sababu mgonjwa ana COPD. Dawa hiyo huelekea zaidi kwenye moyo kuliko kwenye mirija ya hewa. Mnaichanganya na propranololi, ya kundi hilohilo lakini isiyochagua moyo na mirija, na COPD mnaichanganya na pumu.

Mzee wa Tandahimba nimemwanzishia furosemidi ya kutoa maji mwilini na kumwandikia ultrasaundi ya moyo. Jumatatu atarudi, na kijana nimemwambia aje na vidonge vyote vilivyomo nyumbani, hata vile vya kwenye kikaratasi visivyo na jina.