Bega la koti halipunguzwi usiku wa kuamkia usaili

Jumanne jioni nilikuwa nimeshafunika cherehani, kijana akaingia mbio na koti la bluu iliyokoza alilolinunua Owino, soko la mitumba la Kampala. Usaili wake ni kesho saa tatu asubuhi. Akalivaa, akasimama mbele ya kioo: mshono wa bega umemshukia vidole vitatu. "Fundi, nipunguzie tu. Nimechukua kubwa makusudi."

Ni wa nne mwezi huu. Siwalaumu, maana ndivyo wanavyoambiwa na kila mtu: chukua kubwa, fundi atapunguza.

Jamani, kubwa wapi? Kiuno kikiwa kipana, nafumua mshono wa mgongo na wa ubavuni, naingiza. Mikono mirefu nayo hupungua, ila pale ambapo matundu ya vifungo yamekatwa kweli. Lakini bega ndilo linalobeba koti zima. Ndani yake mna pedi, mna kitambaa kigumu cha kusimamisha kifua, mna bitana, na kichwa cha mkono ni kipana kuliko tundu lake. Kimekusanywa kidogo kidogo ili kikae mviringo. Kulipunguza ni kung'oa mikono yote miwili, kuchonga matundu upya, kukata pedi, kisha kurudisha mikono bila kikunyanzi. Hiyo ni kazi ya siku nzima, na ujira wake waweza kupita bei ya koti. Tena siwezi kukuahidi kitu: nimewahi kufuata kila hatua, na mkono ukarudi umepinda kwa nyuma.

Kwa hiyo sokoni anzia begani. Vaa koti, simama ubavu kwa ukuta, uegemee polepole. Pedi ikigusa ukuta kabla ya mkono wako, lirudishe kwenye rundo, hata kama bei inakuita.

Kitambaa usiulize muuzaji. Chomoa uzi ndani ya pindo, uuchome: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu, poliesta huyeyuka ikawa kishanga kigumu. Poliesta si dhambi, ila usiipige pasi bila kitambaa kibichi juu yake, itang'aa. Koti jipya la dukani, fumua ule msalaba wa uzi kwenye mpasuo wa nyuma. Ni bandi tu, mshono wa muda, umewekwa koti lisijikunje safarini. Lebo ya mkononi nayo itoke.

Dada zangu, sketi ijaribuni mkiwa mmekaa. Na ule waraka wa mavazi wa Wizara ya Utumishi wa Umma ya Uganda wa 2017, unaokataza sketi za juu ya goti na blauzi zisizo na mikono, ni wa watumishi wa serikali. Msaili wa kampuni binafsi hafungwi nao.

Je, jopo huliona bega? Nimewashonea watu vizuri wakakosa kazi, na wengine wamepata kwa shati na tai tu. Ninachokiona hapa kiooni ni kwamba aliyevaa koti la kumning'inia hatulii: anavuta kola, anakunja mikono, anasahau anachosema.

Yule kijana nilimwambia aliache. Nikampigia pasi shati jeupe, nikapandisha pindo la suruali, akaondoka saa tatu usiku na boda, shati ndani ya mfuko wa plastiki lisiingie vumbi. Koti limebaki hapa, limetundikwa nyuma ya mlango.