"Mwana" katika mwanasheria si mwanamume

Wapo wengi wanaoamini kwamba "mwana" katika mwanasheria, mwanahabari au mwanajeshi ni mwanamume, kwa hiyo akiwa mwanamke lazima tuongeze "wa kike". Chimbuko la dhana hii linaeleweka: kanisani tunasikia "Baba na Mwana", na hapo Mwana ni wa kiume kweli.

Lakini mwana kwa asili ni mtoto, wa kike au wa kiume. Neno mwanamke lenyewe linaanza na mwana! Na huku pwani, Mwanaisha, Mwanahamisi na Mwanajuma ni majina ya kike. Kwenye kazi, "mwana" humtaja mtu wa fani fulani, kama mwananchi alivyo mtu wa nchi.

Fungua kamusi yoyote ya Kiswahili, utafute "mwana". Kisha soma hii kwa sauti: "Mwanasheria wetu amejifungua salama." Hakuna kinachogongana. Mimi "wa kike" naiweka pale tu jinsia inapohusika, mathalani tunapohesabu wanajeshi wa kike kambini.

Bwana shamba ni habari nyingine. Hilo lina jinsia ndani yake, ndiyo maana kuna bibi shamba. Afisa ugani humfaa yeyote.