Goti likiuma, tazama kiti kwanza

Waendeshaji wengi wa baiskeli za barabarani huvumilia goti linalochoma baada ya kilomita 30 au vidole vinavyokufa ganzi, wakiamini kwamba mwili bado haujazoea. Mara nyingi tatizo ni kipimo cha baiskeli kilichokosewa kwa milimita chache. Anayezungusha pedali mara 80 kwa dakika hukunja kila goti mara 4,800 kwa saa, na kosa dogo likirudiwa kiasi hicho lazima liumize.

Anza na urefu wa kiti, maana vipimo vingine vyote huufuata. Vaa viatu unavyoendeshea, kaa kitini huku umeshika ukuta, teremsha pedali moja hadi chini kabisa, kisha weka kisigino juu yake. Mguu unyooke wote bila nyonga kuinamia upande huo. Sasa rudisha wayo mahali pake, sehemu pana iliyo nyuma ya vidole ikae juu ya pedali: goti litakuwa limekunjika kidogo, na nyuzi 25 hadi 35 ndizo zinazofaa.

Ukitaka kuhakiki kwa futi kamba, simama pekupeku mgongo ukigusa ukuta, bana kitabu kati ya mapaja hadi kiguse kinena, pima kutoka ukingo wake wa juu hadi sakafuni, kisha zidisha kwa 0.883. Mwenye sentimita 80 atapata 70.6: huo ndio umbali kutoka katikati ya ekseli inayobeba mikono ya pedali hadi juu ya kiti. Kanuni hii ilienezwa na Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mwaka 1986, 1989 na 1990. Ichukue kama pa kuanzia tu, kwa kuwa unene wa soli na urefu wa wayo hubadilisha hesabu.

Baada ya hapo sikiliza goti. Likiuma mbele, kuzunguka kifuniko chake, kwa kawaida kiti kiko chini mno au kimesogezwa mbele mno. Likiuma nyuma, kiti kiko juu mno. Nyonga zikiyumba kushoto na kulia, teremsha. Badilisha milimita 3 hadi 5 kwa wakati mmoja, kisha endesha safari mbili tatu kabla ya kugusa kitu kingine, la sivyo hutajua kilichokusaidia. Bandika utepe kwenye nguzo ya kiti kuonyesha kipimo cha zamani, na usiivute nguzo kupita alama ya mwisho iliyochorwa juu yake, kwani inaweza kuvunjika au kupasua fremu.

Kusogeza kiti mbele au nyuma ni hatua ya pili. Weka mikono ya pedali sambamba na ardhi, ning'iniza uzi wenye kitu kizito kutoka chini kidogo ya kifuniko cha goti la mbele. Uzi upite kwenye ekseli ya pedali au nyuma yake kidogo. Jambo linalosahaulika ni kwamba kurudisha kiti nyuma humwongezea mguu umbali, kwa hiyo kiteremshe kidogo. Usisogeze kiti kwa sababu usukani uko mbali. Hilo hurekebishwa kwa kubadilisha shingo ya usukani, na goti lisiguswe.

Ganzi ya mikono nayo huanzia kitini mara nyingi kuliko watu wanavyofikiri. Pua ya kiti ikiinama, mwili huteleza mbele na uzito wote hutua viganjani. Kiti kiwe sawa kama meza, au kiiname nyuzi 1 hadi 2 tu. Kidole kidogo na jirani yake vikifa ganzi, mshipa wa fahamu upitao upande wa nje wa kiganja ndio unaobanwa. Kunja viwiko kidogo, teremsha mabega kutoka masikioni, na ubadilishe mahali pa kushika kila dakika chache. Jipime hivi: kwenye tambarare, chezesha vidole kama anayepiga kinanda. Ukishindwa bila kuanguka mbele, misuli ya tumbo na mgongo haikubebi, au kiti kimeinama.

Kiti kinene laini hakifai safari ndefu. Mifupa ya makalio huzama ndani yake, na nyama laini iliyo katikati ndiyo inayobeba mzigo. Afadhali kiti kigumu kiasi chenye upana wa kulingana na mifupa hiyo, kaptula yenye pedi isiyovaliwa chupi ndani (mishono ya chupi huchubua), na kuinuka kitini kwa sekunde chache kila dakika 10 hadi 15.

Pia tazama upepo wa tairi. Tairi iliyojazwa hadi iwe kama jiwe hurukaruka juu ya lami mbovu na kuchosha mikono bila kuongeza kasi. Ya nyuma ihitaji upepo zaidi kidogo kuliko ya mbele kwa sababu hubeba uzito mkubwa zaidi, na usivuke kikomo kilichoandikwa ubavuni mwake.

Sasa mwendo. Anayeanza hupenda gia nzito na kusukuma mara 60 kwa dakika, akihisi anafanya kazi kweli. Kazi hiyo hulipwa na magoti. Lenga 80 hadi 95. Hesabu goti la kulia linavyopanda kwa sekunde 15, uzidishe kwa 4: ukipata 20 hadi 23 uko vizuri. Badilisha gia kabla ya mlima, mnyororo ukiwa bado haujavutwa kwa nguvu.

Dakika 20 za kwanza ndizo zinazoharibu safari. Miguu ni mipya, kasi inaonekana rahisi, na akiba ya sukari mwilini inaliwa mapema. Anza kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza sentensi nzima. Kwenye mlima maneno machache yakatike, lakini usifike pa kushindwa kusema kabisa. Usipigane na upepo wa mbele pia: nguvu inayohitajika kuikabili hewa hupanda kwa mchemraba wa kasi (kasi mara kasi mara kasi), kwa hiyo kuongeza kasi kidogo kunagharimu nguvu nyingi. Shikilia juhudi ileile, kasi ishuke yenyewe.

Kunywa mililita 500 hadi 750 kwa saa, zaidi kwenye joto kali, kwa mafunda madogo. Safari ikizidi dakika 90, kula gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, ukianza kabla ya njaa, kwa sababu tumbo huchukua muda kupeleka chakula kwenye damu.

Goti lililovimba, maumivu yanayokuamsha usiku, vidole vilivyopoteza nguvu ya kushika, au ganzi inayodumu siku nzima baada ya kushuka havirekebishwi kwa spana. Acha kuendesha na umwone daktari.